Sanduku la Kufuli Tatu: Mwongozo wa Kuiba Bunge, kwa Matumizi ya Mwenye Mali

Kikundi cha kuweka na kukopa kinachojiheshimu huwa na sanduku la chuma lenye kufuli tatu. Funguo hukaa kwa wanachama watatu tofauti, na sanduku lenyewe hulala kwa mtu wa nne. Mwenye ufunguo mmoja hawezi kutoa hata shilingi. Akina mama wanaoshika utaratibu huu hawamshuku mwenzao yeyote kwa jina. Wanajua tu kwamba fedha za watu thelathini zikilala chini ya kitanda cha mtu mmoja mwenye funguo zote, usingizi wa mtu huyo hubadilika.

Serikali iliyopangwa vizuri ni sanduku hilo. Ufunguo mmoja uko Ikulu, mwingine Bungeni, wa tatu mahakamani. Watu wengi hudhani sanduku la namna hii huibwa usiku kwa nyundo: vifaru barabarani, redio inapiga muziki wa jeshi, mtu mwenye kofia anasoma tangazo. Wizi huo upo, lakini una kelele na humchosha mwizi. Mwizi hodari huja mchana kwenye mkutano halali, kavaa suti, akapendekeza badiliko dogo la kanuni: kuanzia leo funguo mbili zinatosha. Mwaka wa pili anapendekeza ufunguo mmoja. Wajumbe wanapiga meza, katibu anaandika, na sanduku linafunguka bila kufuli hata moja kuvunjwa.

Mwongozo huu unaieleza kazi ya mwizi huyo hatua kwa hatua. Nauandika kwa ajili ya mwenye mali, maana anayejua mwizi hupitia wapi ndiye huziba pale. Mifano mingi nimeitoa Kenya, kati ya 1964 na 1991, kwa sababu nchi hiyo ilipitia karibu hatua zote, moja baada ya nyingine, na kila moja imeandikwa katika sheria. Michache nimeitoa kwa majirani na kwingineko. Mbinu za mwizi zina vichekesho vyake na sitavificha. Mali iliyoibwa haina kichekesho hata kimoja.

Hatua ya 1: Kulegeza kipimo

Mwizi hodari haanzi na fedha. Huanza na kanuni inayosema jinsi kanuni zinavyobadilishwa.

Katiba ya uhuru wa Kenya ya 1963 ilikuwa na Bunge la vyumba viwili, Baraza la Wawakilishi na Seneti. Kubadilisha kifungu cha kawaida kulihitaji robo tatu ya wajumbe katika kila chumba. Vifungu vilivyolindwa zaidi, kama vile vya haki za raia na vya majimbo, vilihitaji tisa ya kumi ya Seneti. Kipimo kilikuwa kigumu kwa makusudi: makabila madogo yaliyokuwa nyuma ya chama cha KADU yaliogopa kumezwa, na tisa ya kumi ndiyo ilikuwa ngome yao. Novemba 1964 KADU ikavunjwa na wabunge wake wakajiunga na chama tawala cha KANU. Mwezi uliofuata Kenya ikawa jamhuri. Mwaka 1965 kipimo kikashushwa: asilimia 65 katika vyumba vyote viwili, kwa vifungu vyote.

Siku hiyo hakuna mtu aliyenyang'anywa shamba wala kufungwa. Ni vigumu kumtoa mkulima shambani, jembe mkononi, aje mjini kupigania tofauti kati ya tisa ya kumi na asilimia 65. Mwizi anaujua ugumu huo, ndiyo sababu huanzia hapo. Mabadiliko ya katiba ya Kenya yaliyofuata yalipita katika mlango uliopanuliwa siku ile.

Mwenye mali, shika hili: ukisikia Bunge linajadili hesabu za kura, akidi, au siku za kutoa notisi, usizime redio. Hiyo ndiyo habari kubwa ya mwaka. Ujerumani, Machi 23, 1933, Bunge lilimpa Hitler mamlaka ya kutunga sheria peke yake. Kabla ya kura hiyo lilibadilisha kwanza kanuni zake za ndani, ili mbunge asiyekuwepo bila udhuru ahesabiwe kuwa yupo. Wabunge wa upinzani waliokuwa wakifikiria kususia kikao ili kuvunja akidi wakakuta silaha yao imekwisha kuchukuliwa. Badiliko hilo la hesabu halikuandikwa kwa mistari mingi, na miaka kumi na miwili ya maafa ikapita juu yake.

Hatua ya 2: Kutunga kanuni yenye jina la adui

Aprili 1966 Jaramogi Oginga Odinga alijiuzulu umakamu wa rais, na wabunge waliomfuata wakaanza kuhamia chama kipya cha KPU. Bunge likaitwa haraka. Kabla mwezi haujaisha, katiba ilikuwa imebadilishwa: mbunge anayekihama chama kilichompeleka Bungeni anapoteza kiti, na arudi kwa wapiga kura. Kanuni ikawakamata hata waliokuwa wamekwisha kuhama. Juni mwaka huo ukafanyika uchaguzi ulioitwa uchaguzi mkuu mdogo, na KPU ikatoka na viti 9 tu katika vyumba vyote viwili.

Ukiitazama peke yake, kanuni hiyo ina hoja. Mtu aliyechaguliwa kwa tiketi ya chama, akihama, ana deni kwa waliompa kura. Lakini itazame pamoja na kalenda. Miezi 17 kabla yake wabunge wa KADU walikuwa wamehamia KANU kwa mkupuo, na hakuna aliyeambiwa arudi kwa wapiga kura wake. Kuhama kulikuwa halali njia ilipoelekea kwa mwenye nguvu, kukawa kosa njia ilipogeuka.

Kwa hiyo usiulize tu kama kanuni ni nzuri. Uliza kwa nini imezaliwa wiki hii. Kanuni ya haki huwa haina haraka ya kumkuta mtu fulani njiani.

Hatua ya 3: Kumlipa mlinzi ili akubali kuondoka

Mlinzi wa mlango ana tatizo moja: yupo. Kumfukuza kuna kelele, basi mwizi humtafutia kazi nzuri zaidi.

Seneti ya Kenya ilikuwa na maseneta 41. Mwishoni mwa 1966 ilifutwa ikaunganishwa na Baraza la Wawakilishi kuwa Bunge moja la chumba kimoja. Ilikuwaje maseneta wakapiga kura ya kujifuta? Yaliundwa majimbo mapya 41 ya uchaguzi, kila seneta akapata kiti katika Bunge jipya bila kuomba kura. Juu ya hayo, uhai wa Bunge lote uliongezwa, uchaguzi ukasogezwa mbele hadi 1970. Mlinzi aliuza lango na kulipwa kwa miaka ya mshahara. Aliyelipa ni mwananchi, ambaye hakuwepo kwenye mauzo.

Mbinu hii haijazeeka. Uganda, Desemba 2017, mswada ulioondoa ukomo wa miaka 75 kwa mgombea urais ulibeba zawadi ndani yake: kipindi cha wabunge kirefushwe kutoka miaka 5 hadi 7. Wabunge waliombwa kumwongezea Rais muda, na papo hapo wakajiongezea wao wenyewe. Miezi mitatu kabla ya hapo maafisa wa usalama walikuwa wameingia ukumbini na kuwaburuta nje wabunge waliopinga. Julai 2018 Mahakama ya Katiba, ikiketi Mbale, ilifuta nyongeza ya wabunge lakini ikaacha ukomo wa umri uondoke. Wabunge wakabaki wamempa Rais ufunguo, na malipo yao yakarudishwa dukani.

Alama ya kuitambua hatua hii ni rahisi kuliko zote. Angalia kama anayepiga kura atakuwa na siku nyingi zaidi kitini baada ya kura yake. Akiwa nazo, hajapiga kura bali amepokea malipo.

Hatua ya 4: Kutengeneza sheria kwa kipimo cha mtu mmoja

Fundi cherehani hupima mteja ndipo akakata kitambaa. Sheria haitakiwi kukatwa hivyo.

Paul Ngei, waziri na mmoja wa waliohukumiwa Kapenguria pamoja na Mzee Kenyatta, Rais wa wakati huo, alitiwa hatiani na mahakama ya uchaguzi kwa kosa alilotenda katika uchaguzi wa 1974. Adhabu yake ilikuwa kukaa nje ya siasa miaka mitano. Katiba ilimpa Rais uwezo wa kusamehe wafungwa, lakini haikumruhusu kugusa adhabu ya aina hiyo. Mwaka 1975 Bunge likaibadilisha katiba ili Rais aweze kusamehe makosa ya uchaguzi. Ngei akasamehewa, akarudi Bungeni na katika Baraza la Mawaziri.

Fikiria kilichotokea. Ufunguo wa mahakama ulikuwa umefunga. Ufunguo wa Bunge ukatumika kukata kufuli la mahakama, kwa faida ya rafiki wa mwenye ufunguo wa Ikulu. Kikundi cha akina mama kingekuwa na maneno mengi ya kusema hapo.

Mwaka huohuo wapo waliojaribu kusema. Mbunge J. M. Kariuki alikuwa ameuawa Machi, na kamati teule ya Bunge ilikuwa imechunguza mauaji hayo. Oktoba, mbunge Martin Shikuku alisema Bungeni kwamba wapo wanaotaka kuliua Bunge kama walivyoiua KANU. Akadaiwa athibitishe. Naibu Spika, Jean-Marie Seroney, akiwa kitini, aliamua kwamba jambo lililo wazi halihitaji uthibitisho. Siku chache baadaye polisi waliwakamata wote wawili katika viwanja vya Bunge. Walikaa kizuizini hadi Desemba 1978, Kenyatta akiwa amekwisha kufariki. Uthibitisho uliodaiwa ulikuwa umeletwa na polisi wenyewe.

Hatua ya 5: Kufunga mlango na kusahau kwamba nawe utatoka

Juni 9, 1982, Bunge la Kenya lilipitisha Kifungu 2A na kuifanya KANU kuwa chama pekee cha siasa kwa sheria. Odinga na mwanasiasa mwenzake George Anyona walikuwa wakipanga kuanzisha chama, na kwa siku moja mpango wao ukageuzwa kuwa haramu. Mswada uliletwa na Charles Njonjo, waziri wa mambo ya katiba, ukaungwa mkono na Mwai Kibaki, Makamu wa Rais.

Tazama kilichowapata mafundi wa mlango huo. Mwaka uliofuata, 1983, Njonjo mwenyewe aliitwa msaliti, akachunguzwa na tume, na siasa zake zikaishia pale. Hakuwa na chama kingine cha kukimbilia, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa amevizuia vyama vingine. Kibaki alisubiri muda mrefu zaidi. Desemba 1991 Kifungu 2A kilipofutwa, hakukawia kutoka serikalini na kuanzisha chama chake cha DP. Mwaka 2002 alichaguliwa kuwa Rais kwa tiketi ya upinzani. Aliingia Ikulu kwa mlango aliosaidia kuufunga miaka 20 kabla.

Siandiki haya ili kumsuta marehemu. Nayaandika kwa ajili ya mbunge kijana anayeketi leo upande wa serikali, akishangilia kanuni inayombana mpinzani. Odinga alikuwa Makamu wa Rais mwaka 1965, kipimo kiliposhushwa hadi asilimia 65. Mwaka mmoja baadaye kipimo hichohicho kilitumika kuwapokonya wafuasi wake viti. Mwanya unaofunguliwa kwa adui haujui sura, nawe ukipita karibu nao utatumbukia.

Hatua ya 6: Kumnyang'anya mwamuzi kiti

Ufunguo wa tatu ni mgumu kuuchukua, kwa sababu jaji hahitaji kura. Kinachomlinda ni kitu kimoja: hawezi kufukuzwa kwa sababu hukumu yake imechukiza. Basi mwizi huenda moja kwa moja kwenye kiti.

Mwaka 1986 Bunge la Kenya lilimwondolea Mwanasheria Mkuu na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu ulinzi wa kazi zao. Mkaguzi wa taifa akawa anakagua hesabu za mtu anayeweza kumfuta kazi kesho. Mwaka 1988 ikawa zamu ya majaji, na sheria hiyohiyo ikaongeza muda wa kumshikilia mtuhumiwa wa kosa la kifo bila kumfikisha mahakamani, hadi siku 14.

Bunge lililowageukia majaji lilikuwa limetoka wapi? Lilitoka kwenye mlolongo. Mapema 1988 KANU iliwateua wagombea kwa kuwapanga wapiga kura foleni nyuma ya picha za wanaowaunga mkono, na aliyepata asilimia 70 alipita bila kupingwa. Foleni ndefu zilitangazwa fupi na fupi zikatangazwa ndefu, mchana kweupe, mbele ya macho ya waliopanga foleni. Wakenya wa rika langu hawahitaji kueleweshwa neno hilo. Bunge lililozaliwa hivyo lisingeweza kumlinda jaji, kwa maana jaji huru ndiye ambaye angelihoji Bunge hilo lilizaliwaje.

Ulinzi wa majaji ulirudishwa 1990 na Kifungu 2A kikafutwa 1991. Ilichukua viongozi wa dini kusema mimbarini, mawakili kukubali kufungwa, vijana kupigwa risasi katika maandamano ya Saba Saba, na wafadhili kukaza mikono. Kuandika kifungu kibaya kulichukua siku moja. Kukifuta kulichukua miaka tisa na uhai wa watu. Hiyo ndiyo bei halisi ya kusinzia kikao kinapoendelea.

Hatua ya 7: Mahakama ikikataa jibu, kubadilisha swali

Mfano wa hatua hii ninaoujua vizuri zaidi unatoka Tanzania. Mchungaji Christopher Mtikila alitaka mtu aweze kugombea bila kudhaminiwa na chama. Oktoba 1994 Mahakama Kuu, chini ya Jaji Kahwa Lugakingira, ilikubaliana naye. Mwaka huohuo Bunge lilibadilisha Katiba kuhakikisha mgombea lazima atoke chamani. Mahakama ilikuwa imesoma Katiba na kutoa jibu, na Bunge likaandika upya ukurasa uliosomwa.

Mtikila alirudi mahakamani, na mwaka 2006 Mahakama Kuu ikampa haki tena. Juni 2010 Mahakama ya Rufani ilisema jambo hilo ni la Bunge kuamua. Akaenda mbele zaidi, na Juni 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyopo Arusha, iliamua kwamba Tanzania imevunja haki zake. Alifariki 2015 bila kumwona mgombea binafsi hata mmoja kwenye karatasi ya kura. Novemba 2019 serikali ilijiondoa katika tamko lililowaruhusu watu binafsi kupeleka kesi moja kwa moja katika mahakama hiyo.

Katika mambo yote niliyoyasoma juu ya sanduku hili, hili la Mtikila ndilo linaloniuma zaidi. Wengi hawakupenda siasa zake, na ni haki yao. Lakini alifanya kila tunachomwambia raia afanye. Hakubeba rungu wala kuchoma tairi. Alipanda ngazi za mahakama moja baada ya nyingine kwa karibu miaka 20, na kila alipofika juu alikuta ngazi imesogezwa.

Hatua ya 8: Kupitisha kifungu ndani ya nguo za watu wengine

Mwizi wa siku hizi amejifunza. Badiliko kubwa la katiba huamsha watu, hivyo hutumia milango ya nyuma. Ipo mitatu ya kuijua kwa jina.

Wa kwanza ni Marekebisho ya Sheria Mbalimbali. Ni mswada halali, uliokusudiwa kusahihisha makosa madogo katika sheria nyingi kwa mpigo: jina la wizara hapa, koma pale. Kwa kuwa unachosha kusoma, unaficha vizuri. Mwaka 2018 Kenya iliingiza msingi wa kisheria wa Huduma Namba katika mswada wa namna hiyo. Daftari la taarifa za kila mwananchi, hadi vinasaba vyake na mahali ilipo nyumba yake, lilisafiri katikati ya marekebisho ya kawaida kama mzigo wa magendo kati ya magunia ya mchele. Januari 2020 Mahakama Kuu ilizuia ukusanyaji wa vinasaba na wa mahali watu wanapoishi, lakini mswada ulikuwa umekwisha kupita.

Wa pili ni hati ya dharura. Dharura za kweli zipo: mafuriko, vita, maradhi. Lakini sheria itakayoishi miaka 30 haiwezi kuwa na dharura ya siku tatu. Ukiona hati ya dharura juu ya jambo lisilovuja wala kuungua, keti uisome mara mbili.

Wa tatu ni kuzima taa. Januari 2016 serikali ya Tanzania ilitangaza kwamba televisheni ya taifa haitarusha tena vikao vyote vya Bunge moja kwa moja, kwa hoja ya gharama na ya watu kuwa kazini. Kanuni ya kupiga kura haikuguswa. Lakini Spika anaposema waliosema ndiyo wameshinda, ni muhimu kwamba mtu aliye Kigoma asikie kwa masikio yake ni sauti gani ilikuwa kubwa zaidi.

Kazi ya mwenye mali

Hadi hapa mwizi amekuwa na zamu yake. Sasa ni zamu yako, na kazi yako ina maswali manne. Yaandike nyuma ya kalenda ya ukutani.

La kwanza: baada ya badiliko hili, nani ana ufunguo ambao jana hakuwa nao? Usikubali jibu lenye maneno kama ufanisi, umoja au maendeleo. Taka jina la ofisi.

La pili: je, ungekubali ufunguo huo uwe mkononi mwa mtu unayemwogopa kuliko wote? Ofisi hubaki, mwenye ofisi huondoka. Kama jibu ni hapana, basi usimpe hata unayempenda.

La tatu: kwa nini leo? Haraka peke yake si ushahidi. Kura ya kukifuta Kifungu 2A, ilipofika mwaka 1991, ilipita upesi, na ilikuwa haki ipite upesi, kwa sababu badiliko lile lilirudisha funguo kwa watu. Haraka inayokusanya funguo ndiyo ya kuogopa.

La nne: nimesomewa? Swali hili ni langu mwenyewe. Miaka michache iliyopita nilihudhuria kikao cha kukusanya maoni ya wananchi juu ya mswada, katika ukumbi wa kata moja ya pwani. Mlangoni tulipewa kitabu kinene cha Kiingereza, tukatengewa saa mbili. Bibi mmoja aliyeketi mbele yangu alikipokea, akakigeuza juu chini, kisha akamuuliza kijana wa meza kuu, "Mwanangu, hiki mnatupa tukisome au tukishike?" Watu wakacheka. Kijana alisema tafsiri inaandaliwa. Bibi akamjibu kwa upole kwamba basi na maoni yake yanaandaliwa, yatakuja siku moja na tafsiri. Akakataa kutia sahihi kwenye orodha ya waliohudhuria. Sikuwa na busara hiyo. Mimi nilitia sahihi, na jina langu likaenda kuthibitisha kwamba wananchi walishirikishwa.

Kuhusu lugha, tatizo hilo ni la zamani. Mwaka 1974 Mzee Kenyatta aliagiza Bunge la Kenya lizungumze Kiswahili, lakini miswada ikaendelea kuandikwa kwa Kiingereza. Wabunge wakawa wanajadili kwa lugha moja karatasi iliyo katika lugha nyingine, hadi 1979 iliporuhusiwa lugha zote mbili. Katiba ya 2010 imekifanya Kiswahili lugha rasmi na, katika Kifungu cha 118, imelitaka Bunge kuwashirikisha wananchi. Mtu hawezi kushirikishwa katika jambo alilonyimwa lugha yake. Omba mswada kwa Kiswahili, kwa maandishi, na utunze nakala ya barua yako.

Kazi hii huzaa matunda. Desemba 2014 Bunge la Kenya lilipitisha marekebisho ya sheria za usalama katikati ya ngumi na makaratasi yaliyochanwa, na Februari 2015 majaji watano walifuta vifungu 8 baada ya upinzani na watetezi wa haki kwenda mahakamani. Machi 2022 Mahakama ya Juu iliamua kwamba Rais hawezi kuanzisha badiliko la katiba kwa njia waliyowekewa wananchi, na mpango wa kubadilisha katiba ulioitwa BBI ukafa hapo. Juni 25, 2024, wabunge 195 dhidi ya 106 waliupitisha Mswada wa Fedha. Vijana waliokuwa wameusoma kifungu kwa kifungu, wakautafsiri na kuuelezea kwenye simu zao, walikuwa barabarani. Siku iliyofuata Rais alikataa kuutia sahihi. Baadhi ya vijana hao hawakurudi nyumbani. Kuwakumbuka kwa heshima ni kuusoma mswada unaofuata kabla haujafika mahali pa kugharimu damu.

Turudi kwenye sanduku. Nilisema mwanzoni kwamba kufuli ni tatu na funguo hukaa kwa watu watatu, lakini sanduku hulala kwa mtu wa nne. Mtu huyo hana ufunguo. Hawezi kulifungua, na hapewi posho ya kulitunza. Kazi yake ni kujua liko wapi, kusikia likisogezwa usiku, na siku ya mkutano kulibeba hadi katikati ya duara ili likifunguliwa, lifunguliwe wote wakiona.

Kifungu cha kwanza cha Katiba ya Kenya kinasema mamlaka yote ni ya wananchi. Mtu wa nne ni wewe, na sanduku lilikabidhiwa kwako. Usiku huu, kabla ya kulala, gusa kama bado lipo.